Mkwe

Kifaa chenyewe kidogo, kilienea kiganjani,
cheusi, na mrija mweupe kama filimbi isiyo na matundu.
Fundi wa Makole alikifunga chini ya usukani
kwa amri ya hakimu, mwezi wa Agosti,
upepo ukipiga mabati, vumbi likituingia puani.
Kabla ya kuwasha Kenta, alisema, mtu apulize.
Pumzi ikiwa safi, gari litawaka.
Ikinuka jana, gari litalala.

Mama ndiye aliyekipa jina: Mkwe.
Maana kwetu, mbele ya mkwe hulewi,
hupandishi sauti, hupiti wima.
"Umeshamsalimia Mkwe?" alimuuliza baba kila alfajiri
akikoroga uji wa uwele, bila kugeuka.

Baba hakucheka. Miaka kumi na minane
alibeba zabibu za Hombolo kwenda kiwandani,
nyuki wakimsindikiza hadi lami,
na shehena ikamrudia ndani ya chupa.
"Mvinyo huu nimeubeba mimi," alizoea kusema,
"leo zamu yake kunibeba."
Ukambeba mpaka Ihumwa,
saa moja jioni, penye baiskeli,
na madumu manne ya maji,
na Chilongani.

Madumu matatu yalipasuka.
La nne lilibingirika mtaroni likasimama,
zima, limejaa, kana kwamba halikuwapo.
Mguu wa Chilongani ulibaki hospitali ya mkoa.
Siku hizi anashona viatu karibu na stendi,
jozi kwa jozi, vya watu wengine.

Watu walisema. Afungwe mtu, gari lina kosa gani?
Mashine haina aibu, ataizoea kama mbu.
Mjomba Mahinyila akataka tutoe ng'ombe, yaishe.
Chilongani alisimama kortini kwa magongo:
"Ng'ombe sitaki.
Nataka huyu ajulikane kabla hajawasha."

Ikaja Machi, matenga yakapakiwa jioni,
na usiku huo kulikuwa na harusi kwa jirani.
Alfajiri baba akanishika bega.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
"Njoo, Mboni. Una mapafu ya mhunzi. Puliza."

Kweli, nilikuwa mpulizaji wa nyumba:
jiko la mkaa, uji wa mdogo wangu,
mchanga katika jicho la mbuzi.
Nikaweka mrija mdomoni. Ulikuwa na ladha ya baba.
Taa nyekundu ikanikodolea.
Nikaliona lile dumu la nne.

Nikautunisha uso, mrija nimeuuma,
pumzi nikaitoa kwa pua, polepole,
kama mtoto anayejifanya amemeza dawa.
Pii.
"Tena."
Pii.
"Tena!"
Mara ya tatu akanitazama mashavu, akajua.

Nilingoja kofi.
Akashuka, akakalia gurudumu la akiba.
Jua likapanda, likamkuta hapo.
Zabibu za watu zikaanza kutoa maji,
simu ya kiwandani ikalia mpaka ikachoka.

Saa tano akapuliza mwenyewe. Kijani.
Hatukupongezana.
Pale Ihumwa kifaa kikalia njiani,
kikidai pumzi ya pili, ndivyo kilivyoagizwa.
Baba akaegesha. Akapuliza, macho mtaroni,
akapuliza hata baada ya taa kuridhika.

Miaka miwili ilipotimia, fundi alirudi na bisibisi.
Pakabaki matundu mawili ya skrubu.
Sisemi baba aliacha pombe;
mambo ya chupa ayaseme mama.
Nasema nilichokiona:
kila alfajiri, kabla ya kugusa ufunguo,
aliinamisha kichwa kidogo, pale palipo patupu,
kama mtu apitaye uani kwa wakwe.